Jina Lililokuwa Juu ya Kabati

Fundi bomba wa hospitali yetu anaitwa Haraka. Ndivyo cheti chake kinavyosema, na ndivyo mama yake alivyoamua baada ya kumzaa mlangoni kabla mkunga hajavaa glavu. Leo ana miaka hamsini na hajawahi kufika siku aliyosema atafika. Choo cha wodi ya wazazi kinavuja tangu mwaka jana. Ukimlalamikia anakwambia haraka haraka haina baraka, na anaisema methali hiyo kama mtu anayemsengenya jirani yake.

Mimi ni karani wa kusajili vizazi, dirisha la pili. Kwa miaka kumi na moja nimeandika majina ya watu ambao bado hawajui kwamba wana majina. Nimeandika Mkurugenzi. Nimeandika Alasiri. Nimeandika pacha wanaoitwa Hesabu na Jibu. Baba yake Mkurugenzi nilimuuliza kama amefikiri itakuwaje mwanawe akiajiriwa kufagia ofisi ya mkurugenzi mwingine. Akacheka, akajikuna shingo, kisha akaniambia niandike hivyo hivyo.

Mwenzangu wa dirisha la kwanza tunamwita Mzee Mihuri, kwa jinsi anavyogonga muhuri utadhani anaua mende. Yeye huandika anachoambiwa. Mimi nina kipimo changu. Nikiletewa jina geni, nalijaribu kimoyomoyo mara tatu. Kwanza naliita kwa sauti ya mama anayemzuia mtoto asivuke barabara. Pili nalitangaza mbele ya ukumbi, pamoja na cheo: daktari fulani, jaji fulani. Tatu nalinong'ona kando ya kitanda cha mtu mzee aliye mgonjwa. Jina likianguka hata mara moja, namuuliza mzazi kama ana hakika.

"Jina si nepi," huwaambia, "kwamba mtoto ataliacha akikua."

Najua ninachosema. Nilizaliwa mwaka wa njaa, nikapewa jina la njaa hiyo. Shuleni kila mwalimu alipoita mahudhurio, darasa zima lilishika matumbo. Mpaka leo nikijitambulisha kwa mtu, macho yake hushuka kwenye mikono yangu kama nimekuja kuomba. Kazini naitwa Karani, nami nashukuru.

Ndiyo maana mwanangu nilimtafutia jina mapema, hata kabla mimba yake haijatungwa. Nililipata mwaka wa kwanza wa ndoa: Wasaa. Kwetu tulilala saba chumba kimoja. Mmoja akigeuka, mstari mzima unageuka. Neno hilo lilikuwa na kila nilichokikosa, nafasi ya kunyoosha miguu na muda wa kuinyoosha. Nikalipima. Barabarani lilipita. Ukumbini, Jaji Wasaa, lilipita. Bibi Wasaa, kunywa maji kidogo. Na kitandani likapita.

Mume wangu ni mchoraji wa mabango ya maduka. Jioni moja nilimwambia lile jina. Kesho yake alirudi na kibao chenye urefu wa mkono, amelichora kwa rangi ya buluu, na W yake ina mkia unaopita chini ya herufi nyingine zote kama paka aliyelala.

"Cha mlango wa chumba cha mtoto," akasema.

Tulikifunga kwenye kitambaa tukakiweka juu ya kabati. Tangu siku ile, tukiwa wawili tu, aliniita Mama Wasaa. Mama Wasaa, chai inapoa. Mama Wasaa, nani kakuudhi? Mimba ya kwanza ikatoka, akaendelea kuniita. Ya pili, na ya tatu, akaendelea kuniita, nami nikaendelea kuitika. Kuna asubuhi ambazo ni kuitika huko tu kulikoniinua kitandani.

Mtu mwingine mmoja ndiye niliyemwambia jina hilo, mdogo wangu wa kike, na nilimwapisha.

Sasa, siku ya Jumanne, mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike, ghorofa ya juu ya ofisi yangu. Mumewe ni dereva wa malori na alikuwa safari ya mbali. Nilimshika mkono mpaka mwisho. Nikamfulia nguo, nikampelekea supu. Nikamuuliza jina la mtoto, akasema wanasubiri baba yake apige simu.

"Msije mkaniletea Tairi dirishani," nikamwambia.

Alicheka huku ameshika tumbo, lakini macho hakunipa.

Jumatano Mzee Mihuri alikwenda kubadilisha miwani, na dirisha la kwanza likawa limefungwa. Karibu na saa nne muuguzi alishuka na bahasha.

"Hii ni ya dirisha la kwanza. Nimeambiwa nimpe Mzee mwenyewe mkononi," akasema. "Lakini nitamsubiri mpaka lini? Nina wagonjwa." Akaiacha kwangu, akaondoka.

Ndani mlikuwa na fomu moja. Kabla sijasoma chochote niliiona ile W, na mkia wake umelala chini ya herufi nyingine.

Jina la mtoto: Wasaa. Jina la mama: la mdogo wangu. Mtoa taarifa: shemeji wa mama. Sahihi: ya mume wangu.

Nitasema kweli. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu miezi. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, nikitafuta ni lini wawili hao walikaa peke yao na mimi nilikuwa wapi. Nikaona aibu. Nikahesabu tena. Kisha nikafunga dirisha la pili, nikapanda ngazi, watu kumi na wawili wakiniangalia kwenye foleni.

Mdogo wangu alikuwa ananyonyesha. Aliponiona na fomu mkononi akavuta shuka hadi kifuani, kana kwamba aliyeingia ni mgeni.

"Dada, kaa kwanza."

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Wa nani tena? Hebu mtazame masikio."

Nikamtazama. Yalikuwa masikio ya dereva kabisa, yamesimama kama vioo vya pembeni vya lori. Pumzi ikanirudi, na kwa kitambo kidogo nilitaka kumwomba radhi. Kisha nikakumbuka nimeshika nini.

"Jina hili ulilitoa wapi?"

"Sikuliiba."

"Sijasema umeliiba. Nimeuliza ulilitoa wapi."

"Nilipewa." Akamfunika mtoto kichwa ambacho kilikuwa kimeshafunikwa. "Nilimwomba Shemeji anitafutie jina, si unajua ana maneno mazuri. Akasema chukueni lile. Akasema jina zuri vile lisije likaozea juu ya kabati."

"Lina mwenyewe."

"Dada, jina si sahani za wageni, zikae miaka na miaka hazijaliwa, na wageni wenyewe..." Akakatiza.

"Malizia."

"Basi, yaishe."

"Wageni wenyewe wamefanya nini?"

Akaanza kulia, kile kilio chake cha utotoni kinachoanzia puani. "Nilidhani atakwambia. Kila mwezi nilidhani atakwambia. Daktari alisema tangu mwaka jana, Dada. Alisema hutashika mimba tena. Ile siku uliyomtuma Shemeji akachukue majibu kwa sababu ulikuwa na foleni."

Niliikumbuka siku ile. Foleni ilifika getini. Mume wangu alirudi nyumbani jioni na mkate mpya kwapani, akasema, "Wamesema tuwe na subira." Nikamkatia kipande kikubwa, nikala na mimi.

"Mama anajua?"

Akafuta pua kwa ncha ya shuka.

"Nimekuuliza, Mama anajua?"

"Mama ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema utavunjika. Tulikuwa tumepanga Jumapili tukae sote, tukwambie taratibu. Ndiyo maana fomu ilikuwa iende kwa Mzee."

"Mkae nyote upande mmoja wa meza, na mimi upande wa pili."

"Usiseme hivyo, Dada."

"Hata sahani za wageni, mtu huziomba kwa mwenye kabati."

Mtoto aliachia ziwa akapiga miayo. Nyuma yangu yule muuguzi aliingia na trei ya dawa, akasoma kadi iliyofungwa kwenye chuma cha kitanda.

"Mama Wasaa," akaita.

Nikageuka. Tuligeuka wote wawili, na mimi ndiye niliyewahi. Muuguzi akanipita, akampa mdogo wangu vidonge viwili na glasi ya maji.

Ofisini nilimkuta Mzee Mihuri amerudi, miwani yake mipya bado ina karatasi ya bei. Nilimpa fomu, akaisoma, akaivua miwani, akaivaa, akaisoma tena. Jina lile halikumwambia chochote, lakini sahihi ya mume wangu aliijua, na uso wangu aliuona.

"Shemeji si mzazi," akasema. "Hii tunaweza kuirudisha. Mama aje mwenyewe akipata nguvu, au baba akirudi safari. Ni mwezi mzima huo, Karani. Watu hubadili mawazo ndani ya mwezi."

"Kanuni inasema hivyo?"

"Kanuni husema hivyo ukitaka iseme hivyo."

Alikuwa ananipa rungu na alijua ni rungu. Nililishika, niseme kweli. Niliweka fomu kwenye trei ya zinazorudishwa, nikahudumia watu wanne na fomu ikiwa pale, na kila mara nikiinua macho naiona ile W. Kisha nikamfikiria mtoto mwenyewe, na masikio yake ya lori. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake ambaye hakunificha kitu. Nikampitisha kwenye kipimo. Nikamwita asivuke barabara, akarudi mbio. Nikamtangaza ukumbini, watu wakasimama. Nikamnong'oneza akiwa bibi kizee, akafungua macho. Jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa juu ya mwili wake. Ningependa niseme hilo lilinifariji. Liliniuma kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu nilikuwa nimetumaini kidogo kwamba halitamfaa.

Nikaliandika. Mzee Mihuri akagonga muhuri, taratibu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Saa kumi na moja jioni nilikwenda kwenye kibanda cha mume wangu. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya bango la bucha, anajaza rangi nyekundu ndani ya herufi. Pembeni yake, juu ya magazeti, kulikuwa na kibao chetu. Alikuwa amekipaka upya. Buluu ilikuwa bado mbichi, na kwenye pembe ameongeza maua.

Maana yake nyumbani juu ya kabati kilikuwa kimebaki kitambaa kitupu, na sikujua tangu lini. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakusema kwamba nguo yenyewe utakuwa unaifua kwa mikono yako.

Alinitazama usoni, akaweka brashi chini.

"Umeshaona," akasema.

"Dirisha la kwanza lilikuwa limefungwa."

"Nilikuwa nakuonea huruma."

"Mwaka mzima?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kukwambia."

"Ukapata wakati wa kuchora maua."

Akafuta mikono kwenye suruali, ingawa kitambaa cha kufutia rangi kilikuwa pale pale. "Ningekwambia ungelia. Kila siku ningerudi nikukute unalia, na mimi sina la kukupa. Sikuweza. Nikasema angalau lile jina lipate mtu. Mtoto ni damu yako, utamwona, utamlea, utamwita kila siku."

"Kwa hiyo ulimaliza matanga peke yako, ukagawa vitu vya marehemu."

Akaokota brashi, akairudisha chini.

"Hata kwenye msiba," nikamwambia, "mfiwa huambiwa kwanza."

Kijiwe cha mbele yetu kilikuwa kinaanza kujaa watu wanaotoka kazini, na mmoja alimsalimia kwa mbali, "Vipi, msanii?" Akainua mkono bila kugeuka. Mimi nilikuwa natafuta kitu kichwani. Nilikuwa natafuta mara ya mwisho aliponiita Mama Wasaa. Sikuipata mwezi huo, wala uliopita. Nikarudi nyuma mwezi baada ya mwezi, mpaka nikafika kwenye ule mkate. Tangu siku ile amekuwa akiniita wewe, akiniita sikiliza, akiniita jamani, na mimi nimekuwa nikiitika bila kusikia kilichopungua.

"Niite," nikamwambia.

"Nikuite vipi?"

"Ulivyokuwa ukiniita."

Alitazama kibao. Rangi ilikuwa inang'aa, na kijidudu kimoja kilikuwa kimenasa kwenye mkia wa W. Alifungua mdomo akaufunga. Akaufungua tena, na lililotoka lilikuwa jina langu la kuzaliwa, lile la njaa, ambalo kwa miaka tisa ya ndoa yetu hakuwahi kulitamka. Alilitamka vizuri, kwa upole, herufi baada ya herufi, kama mtu anayesoma bango la duka asilowahi kuingia.

Sikuwa na lingine. Nikaitika.