Kasha Moja Lenye Kila Kitu

Jumamosi ya tatu mfululizo, Marlys Krueger alikaa kwenye kiti cha plastiki katika duka la Rollie mjini Wausau, mikono ameikunja juu ya koti lake la theluji, akimsikiliza kaka yake Verlyn akipiga wimbo uleule wa dansi ya polka kwenye amplifaya ya tano. Laiti angekuwa na ubavu, angemvua lile gitaa shingoni akaenda kulitumbukiza ziwani, kwenye shimo lolote wanalotoboa wavuvi katika barafu.

"Hii nayo imefunikwa blanketi," Verlyn alisema, akimaanisha kwamba sauti yake imefifia.

Zile nne za mwanzo nazo zilikuwa zimefunikwa blanketi. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini Verlyn hata hilo koroma hakuwa amelipata.

Aliyewaharakisha leo ni Bi Connie, mwenye mkahawa wa kando ya ziwa. Kila Ijumaa kwa miaka ishirini na sita, watu wakishakula samaki wao wa kukaanga na saladi ya kabichi, meza husogezwa ukutani na bendi ya akina Krueger hupewa dakika kumi na tano kupanga vyombo. Marlys hupiga ngoma, Verlyn gitaa, binamu yao Orrin kodiani. Orrin hufungua sanduku, akakaa, yuko tayari. Verlyn ana ubao. Juu ya ubao amefunga pedali kumi na moja za kukanyaga kwa mguu ili kubadili sauti, moja ya mwangwi, moja ya mtetemo, moja ya kukwaruza sauti, na nyingine ambazo kazi yake hata yeye ameisahau, zote zimeunganishwa kwa nyaya zilizosokotana kama tambi. Ijumaa iliyopita waya mmoja ulikufa. Verlyn alitambaa sakafuni, tochi mdomoni, huku wateja wakimaliza brandi zao na kuvaa makoti. Bi Connie hakupiga kelele. Alisema tu kwamba bendi ikichelewa tena Ijumaa ijayo, nafasi yao atampa yule bwana wa mji wa Merrill anayepiga muziki kwa kompyuta.

Kwa hiyo dawa ilijulikana: kasha moja lenye kila kitu ndani. Amplifaya ya taa, zile za kioo zinazowaka kama makaa, kwa sababu Verlyn anashikilia kwamba amplifaya isiyo na taa ni redio tu; na mwangwi na mtetemo na mkwaruzo viwe humohumo, achomeke waya mmoja apige. Amekuwa akilitafuta tangu kabla ya Krismasi, na Jumamosi ya kwanza alikuja dukani na ubao wake. Naam. Mtu anakwenda kununua kitu cha kumwondolea ubao, anaubeba ubao auunganishe kwanza, aone kama vitaelewana. Marlys alidhani ni kichaa cha kaka yake peke yake, mpaka Rollie, ambaye ameuza magitaa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alipomwambia kwamba wapiga gitaa wote hufanya hivyo na hakuna hata mmoja anayeona ajabu.

Jumamosi ya pili Verlyn alilalamikia uzito, kisha rangi ya kitambaa, kisha mtetemo wa amplifaya moja uliomkumbusha mbuzi mwenye homa. Marlys alivumilia. Leo yalikuwa yamemfika kooni. Hii ya tano ilikuwa nzuri, na alijua ni nzuri. Mwangwi wake ulikuwa na kina na nyuzi zilisikika moja moja. Hata Rollie aliacha alichokuwa akifanya akasikiliza.

Verlyn akazungusha kitufe cha sauti nyembamba mpaka mwisho. Mlio ukatoka mkali kama msumari juu ya kioo. Rollie akaziba masikio, na mama mmoja aliyekuwa akitazama kigitaa cha ukulele akatoka nje bila kuaga.

"Bado blanketi," alisema Verlyn.

"Blanketi gani, we Verlyn?" Marlys akasimama. "Meno yangu yananiuma huku. Unatafuta amplifaya au unatafuta sababu?"

"Usinipande kichwani, dada. Kuchagua kunataka subira."

"Mchagua jembe si mkulima. Wiki tatu unachagua majembe, shamba anachukua mtu wa Merrill."

Hapo ndipo shetani alipompitia Marlys. Aliamua amwaibishe mbele ya Rollie, ili wote waone kwamba huu ni ukaidi mtupu. Akapiga magoti mbele ya amplifaya, akaikinga kwa mgongo wake, akamwambia Verlyn apige, naye atamtolea blanketi lake. Kisha, badala ya kuongeza sauti nyembamba, akaizungusha yote nyuma mpaka sifuri. Polka ikadidimia, ikawa kama inatoka kwa jirani, ukuta wa pili. Rollie akakunja uso. Marlys akageuka, kicheko tayari mdomoni.

Verlyn alikuwa amefumba macho. "Ileile tu," alisema. "Umeongeza?"

Marlys akairudisha mpaka katikati, pale ilipokuwa nzuri, akamtazama. Akaizungusha mpaka mwisho, msumari ukarudi juu ya kioo.

"Hapo labda kuna kamwanga," alisema Verlyn, akitaka kumridhisha. "Kidogo sana."

Rollie akaja akazima amplifaya. Akamuuliza Verlyn, kwa sauti ya kawaida tu, jukwaani husimama wapi. Verlyn akasema mkono wa kulia wa ngoma. Na sikio la kushoto, Rollie akauliza, huwa limeelekea nini?

"Mimi," alisema Marlys.

Ni yeye, na hasa toazi lake kubwa la kulia, sahani ya shaba iliyoning'inia kimo cha kichwa cha Verlyn. Alilipiga kila mwisho wa ubeti, Ijumaa hadi Ijumaa, kwa nguvu zake zote, maana wachezaji walipenda. Aliona haya, akaona na hasira, na safari hii hasira haikuwa na mahali pa kwenda ila kwake mwenyewe.

"Ulijua kwamba sauti nyembamba huzisikii?" akamuuliza.

Verlyn alichukua muda kulivua gitaa. "Kwanza nilidhani ni pedali. Nikanunua nyingine. Halafu nikadhani ni nyaya. Nikasema amplifaya mpya, ikiwa nzuri kweli, itanirudishia." Akaifuta amplifaya vumbi ambalo halikuwapo. "Hii ni nzuri, Marlys?"

"Ni nzuri."

"Basi tuichukue. Utaniwekea wewe hivyo vitufe. Na Orrin asijue."

Ijumaa walikuwa tayari kwa dakika nne. Marlys aliweka vitufe vyote kwa mkono wake, na Verlyn akaapa hatavigusa. Marlys alipomsihi ahamie upande wa Orrin, Verlyn alikataa. Alisema akienda kule ngoma hatazisikia kabisa. Sakafu ilijaa. Bi Connie alipita na sinia, akawaambia waje na wiki ijayo, na zinazofuata.

Usiku ule Marlys hakuligusa toazi la kulia hata mara moja. Kila mwisho wa ubeti mkono ulinyanyuka wenyewe, naye akaurudisha chini. Orrin aligeuka mara mbili kumtazama, na mzee mmoja aliyekuwa akicheza na mkewe alimwonyesha kwa kidole kana kwamba amesahau kitu. Marlys alimngojea Verlyn. Mtu huyu hajapata kumaliza wimbo bila kulalamika: umekimbia, umechelewa, umepiga kama unaua nyoka. Alingoja polka tatu, akangoja valsi mbili. Alitamani alalamike, jambo ambalo hakuwahi kulitamani tangu azaliwe.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha Verlyn aligeuka, jasho usoni, amefurahi kama siku ya harusi yake.

"Leo umepiga kama kawaida yako," alimwambia. "Toazi hukulipunguza hata pigo moja."