Hesabu ya Vidonge Kumi na Viwili

Kazi yangu ni kuhesabu matundu. Nalisema hili mapema kwa sababu ukoo mzima unaamini kwamba navumbua dawa, na nimechoka kukana. Kule maabara nakabidhiwa visahani vya plastiki vyenye visima vidogo vidogo. Chini ya kila kisima kumetandazwa seli hai, utandu mwembamba usioonekana kwa macho. Tunatia virusi, tunasubiri siku tatu, kisha tunapaka rangi ya zambarau. Palipoliwa na virusi hubaki tundu jeupe. Nayahesabu, naandika, nanawa mikono, narudi nyumbani.

Mwaka huu tulikuwa tunajaribu dawa ambazo kila mtu anazo kwenye mkoba, vile vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe ambavyo watu humeza mgongo ukiuma. Vidonge hivyo huzuia kemikali fulani ambayo mwili huitengeneza ukiumia au ukiugua, na inaelekea baadhi ya virusi huitegemea kemikali hiyohiyo ili vizaane. Basi visima tulivyovitia dawa vilitoka na matundu machache. Ni habari njema kwa visima. Kwa binadamu bado tunakisia tu.

Haya yote nilimweleza baba Jumapili moja mezani, na mdomo ukaniponza. Baba alifundisha hisabati miaka thelathini na minane, na mtaa mzima humwita Mwalimu. Tangu nianze kazi hakuwahi kuniuliza nafanya nini huko. Kwa hiyo siku ile alipouliza, nilifurahi kama mjinga. Akataka kujua kila kisima kinatiwa dawa kiasi gani. Nikamwambia. Seli ni ngapi, na moja ina uzito gani? Nikamwambia. Ni seli za nini?

"Za figo," nikasema. "Figo za tumbili. Zinakua upesi, hazisumbui."

"Na zile zilizotiwa dawa zilipona?"

"Nyingi zilipona."

Akaomba chumvi. Mtu anayemjua baba angeshtuka palepale, maana akiacha kuuliza huwa keshaamua jambo. Mimi niliendelea kula.

Wiki mbili baadaye mafua yaliingia nyumbani kwake. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye anayeishi naye, alinipigia simu kazini saa nne asubuhi.

"Njoo umwone baba yako," akasema. Dada akikasirika, baba huwa wangu peke yangu.

"Ana nini?"

"Miguu imevimba, na tangu jana mchana hajapata haja ndogo. Chakula hataki, maji hataki."

"Anatumia dawa gani?"

"Si ndiyo hiyo yako!"

"Yangu ipi?"

"Ya maabara! Si ulimwambia mwenyewe? Leo siku ya tano namnunulia."

Miaka miwili iliyopita daktari alimwambia baba, mimi na dada tukiwa tumekaa pale, kwamba figo zake zimechoka na vidonge vya aina hiyo asiviguse kabisa. Nilipomkumbusha dada, alijibu kwamba hakujua ni vilevile, maana hivi vilikuja kwenye boksi la rangi nyingine. Boksi! Nilikata simu kabla sijamvunjia heshima.

Nilimkuta baba amekaa kitandani, uso umejaa maji, daftari mapajani. Hakunisalimu. Alinigeuzia daftari nisome. Alikuwa amepanga hesabu kwa mistari iliyonyooka, jibu limepigiwa mistari miwili kwa kalamu nyekundu: ikiwa seli za uzito huu zinahitaji dawa kiasi hiki, je, mzee wa kilo sitini na nane anahitaji kiasi gani? Vidonge kumi na viwili kwa siku. Vinne asubuhi, vinne mchana, vinne jioni.

"Nionyeshe kosa," akasema.

Nilitafuta. Jamani, nilitafuta mstari kwa mstari, mpaka jasho likanitoka. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa.

"Baba, ulikatazwa vidonge hivi!"

"Nilikatazwa na daktari aliyeona karatasi za vipimo tu. Wewe umeziona figo zenyewe."

"Figo zipi?"

"Mlitia virusi, mkatia dawa, figo zikapona. Nilikuuliza kama zilipona, ukasema nyingi zilipona. Sasa mimi nina figo mbovu, nimepata virusi. Unadhani ningefikiri nini?"

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Hasira niliyokuja nayo haikujua pa kwenda. Nilimweleza kwamba zile ni seli zilizolala kwenye plastiki, hazichuji kitu, hazina damu wala mkojo. Kwamba ndani ya mtu dawa hiyo hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mwenye homa asiyekunywa maji ndiye huumia zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo silikumbuki tangu nizaliwe.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Hukuuliza!"

"Miaka miwili nalala nikiziwaza figo hizi," akasema. "Wewe ukaja ukasema zimepona."

Tulimpeleka hospitali mchana uleule, dada akilia njia nzima na kunilaumu kati ya kilio na kilio. Wakamtundikia dripu na kumwekea mfuko wa mkojo. Daktari, mama mmoja mwenye macho ya kukosa usingizi, alisema atampa siku tatu. Mfuko ukiendelea kuwa mtupu, ni mashine ya kusafisha damu, pengine maisha yake yote. Kwa siku tatu mimi, msomi wa familia, nilikaa nikiutazama mfuko wa plastiki. Siku ya pili ulikuwa na vijiko vichache vyeusi kama chai ya rangi. Siku ya tatu alfajiri ulikuwa umejaa nusu, na muuguzi akanipiga begani.

Daktari alikuja na faili. Figo zimeamka, akasema, ila hazitarudi zilivyokuwa. Mashine tutaiahirisha, ataiepuka mwaka, miaka, hakuna ajuaye.

"Lazima niandike hapa," akaendelea. "Dozi hii alipewa na nani?"

Dada alinitazama. Nikasimama.

"Ni mimi, daktari. Nafanya kazi maabara. Nilimwambia baba kwamba—"

"Nilikosea hesabu," baba akasema.

Sote tukageuka. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa ileile ya darasani.

"Nilizidisha mahali pa kugawanya. Macho ya uzee. Huyu binti hakuniambia kitu."

Mtu huyu aliwahi kubishana na benki wiki tatu kwa senti moja, akashinda. Hajawahi kukubali kwamba amekosea hata kujumlisha. Nilifungua mdomo niseme kwamba hesabu ilikuwa sawa, kwamba nimeikagua mwenyewe, kwamba daftari liko nyumbani.

"Kaa chini," akaniambia. "Mgonjwa hapa ni nani?"

Daktari alikuwa na wodi nzima inayomsubiri. Akaandika: mgonjwa alikosea hesabu. Akafunga faili akaondoka, nami nikakaa, na sijawahi kumkasirikia baba kama asubuhi ile.