Bega la Najat

Ghalib wa Mombasa ni mjuaji, na ujuaji wake wa siku ile nikiukumbuka bado nakunja uso. Tulikuwa Guangzhou kibiashara, yeye mashati ya soko la Shisanhang, mimi viatu. Ilikuwa mwaka tisini na nane, na kesho yake Wachina walikuwa wanafunga kila kitu kwa Mwaka Mpya wao. Lakini hatukuwa tukikimbilia mashati wala viatu. Tulikuwa tunakimbilia bunduki ya dada yake.

Si bunduki ya kuua mtu. Najat, kitinda mimba wao, hulenga shabaha klabuni, na majaribio ya timu ya taifa yalikuwa Jumamosi iliyofuata. Kitako cha mbao cha bunduki yake kilikuwa kimekunywa unyevu wa pwani mpaka kikapasuka, risasi zikawa zinahama ovyo. Alihitaji bodi ya alumini ya kubebea mtutu na komeo la kuingizia risasi, kitu kisichovimba. Alikuwa ameshaachwa nje ya timu mara mbili. Safari hii akikosa, nafasi yake klabuni anapewa mwingine.

Tulipofika mwezi uliotangulia, Ghalib alikipeleka kile kitako kilichopasuka, amekifunga kwa leso ya mamake, kwa laoban mmoja nyuma ya barabara ya Yide Lu, tajiri wa duka linalouzia vilabu vya shabaha. Bodi zilijaa ukutani. Ghalib alizijaribu begani moja moja, amefumba jicho kama mtu aliyewahi kufyatua hata manati. Nzito au nyepesi? Yenye pedi ya shavu au isiyo nayo? Akachagua moja nyeusi, inayong'aa, pedi yake inapanda na kushuka. Laoban akakigeuzageuza kile cha mbao, akacheka, akaashiria kwamba atatengeneza kama ile nyeusi, lakini kwa kufuata mbao.

Sasa tulirudi kuchukua, na laoban akatoa bodi ya kijivu, haina rangi wala mng'aro.

Ghalib akawaka. "Ona, Caro! Sampo nyeusi, mzigo kijivu! Ni yale yale ya mashati!"

Msimu uliopita alionyeshwa shati lenye kola iliyosimama, akafungua marobota Mombasa akakuta kola zimelala kama masikio ya mbuzi. Tangu hapo aliapa hatachukua tena kitu ila sampuli yenyewe.

"Bu shi, bu shi!" laoban alikataa, akijipiga bega la kushoto na kuonyesha mbao.

"Msikilize, bana," nikamwambia. "Kuna kitu anajaribu kusema."

"Uongo ndio anasema. Laoban, nataka hii!" Akaing'oa ile nyeusi ukutani.

Laoban alikuwa na treni ya kuwahi. Akatutazama, akatikisa kichwa, akairudisha ile ya kijivu chini ya meza.

Chumbani tulizilaza pamoja, mbao na alumini, ili tuzifunge. Kwenye mbao, pengo la mkono wa komeo lilikuwa kushoto. Kwenye alumini lilikuwa kulia. Ghalib alizigeuza, akazigeuza tena, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

Tulikimbia. Tulikuta shata ya mlango wa duka imeshuka, imebandikwa karatasi nyekundu. Ghalib aliigonga kwa viganja mpaka jirani akatoka kutuashiria kwamba mwenyewe ameenda kwao, na harudi mpaka mwezi ujao. Karakana zote za mtaa ule zilikuwa zimefungwa. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilitamani kumzaba kofi.

Alipiga simu pale pale, kwenye kibanda, mimi nimesogeza sikio.

"Najat, wewe unalenga kwa mkono gani?"

"Kushoto. Hata komeo la bunduki yenyewe liko kushoto, ndiyo maana siwezi kuazima ya mtu. Kwa nini, kaka?"

"Lakini unakula kwa kulia! Unaandika kwa kulia!"

"Kula na kuandika mlinifundisha nyinyi. Kulenga nilijifunza mwenyewe. Kila mtu pale klabuni anajua. Kaka, kwani hujawahi kuja kunitazama hata siku moja?"

Ile bodi nyeusi Ghalib alikuwa bado ameibeba, ameiegemeza kwenye bega lake la kulia.