Firigisi ya Kuka

Wakwe zangu walifika Sigalagala kutoka Matungu wakiwa na mkungu wa ndizi na neno moja: walitaka kumchukua Nekesa, binti yangu wa miaka saba. Mama Ayuma, mama mkwe wangu, alikuwa amesikia kwamba simchapi, na wala simhongi peremende ili afanye kazi. Tukiwa jikoni aliniambia mtoto wa hivyo ataota kama magugu. Matungu angefunzwa adabu. Kuka, yaani babu yake, angeamua baada ya kula.

Mume wangu Barasa alichinja jogoo. Kwetu firigisi ni ya mzee wa nyumba, na huwekwa juu ya nyama zote aione akifunua bakuli. Nilimwacha Nekesa na bakuli nikasonga ugali. Nilipogeuka, firigisi haikuwepo, na midomo ya Nekesa iling'aa mafuta.

Mama Ayuma aliona kabla yangu. Akaniambia nikate kijiti uani, au basi nimwahidi mtoto mandazi ili akiri.

"Mtoto asiyechapwa anakuanga hivi," akasema. "Sasa umejionea."

Nilijua Kuka akiikosa firigisi yake, mwanangu ataondoka naye. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: kwamba ilipasuka nikiiosha, nikaitupa. Nani angebisha? Lakini Nekesa alikuwa akinitazama, akingoja kuona mtu mzima hufanyaje mambo yakiharibika.

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia Kuka ataitafuta firigisi, nikamwomba awaze la kufanya. Akataka nikamsemee. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mke wa mwana, kwa desturi siendi karibu na baba mkwe akiwa mezani. Ila ningesimama mlangoni, anione.

Akabeba jagi na beseni, akaenda kumnawisha babu yake. Maji yakamwagikia suruali ya mzee.

"Kuka, usitafute firigisi. Nimeikula mimi."

Mzee alibaki na mikono juu ya beseni.

"Nani amekutuma kusema?"

"Hakuna. Mama amesema niwaze."

"Ukawaza nini?"

"Kwamba ungeitafuta." Akafikiri tena. "Nitakupa paja langu. Lakini si lote, Kuka. Nina njaa."

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Lakini paja alilipokea, hakumsamehe hivi hivi. Akalimega, akala sehemu yake polepole, nyingine akamrudishia mwenyewe.

Alipomaliza alimwita mkewe. Mama Ayuma akapita mbele yangu pale mlangoni, akaingia.

"Huyu tumwache na mama yake," mzee akasema. "Wetu tuliwachapa sana, na miaka yote niliambiwa firigisi yangu imeliwa na paka."

Barasa, aliyeketi kando ya baba yake, akainama kana kwamba anatafuta kitu chini ya kiti.

Mama Ayuma hakukubali wala hakukataa. Alirudi jikoni akisema atakuja tena Krismasi, aone kama mambo haya yatasimama. Nikamjibu karibu sana, Mama, na nilimaanisha. Akavuta karai la vyombo, akaanza kuosha. Nekesa akaja, akachuchumaa kando ya bibi yake, akawa anasuuza. Hakuna aliyemwita. Mama Ayuma akanitazama, kisha akamsogezea sahani nyingine.