Mlango wa Ndege Haufunguki Hewani

Jana niliota nimepanda ndege ya ile filamu ya utekaji niliyokuwa nimeitazama jioni mpaka mwisho, kwa hasira. Niliitambua mara moja. Nilipokuwa napanda ilikuwa na injini nne. Nilipokaa nikachungulia dirishani, zilikuwa mbili.

Tiketi yangu imeandikwa: NAMKUNDA, MWALIMU WA FIZIKIA. ATAKUFA ILI STARINGI AKASIRIKE.

Nikamwita mhudumu, nikamwambia kuna kosa. Akaikagua tiketi, akasema hakuna kosa lolote. Staringi hafi, hiyo ni sheria, kwa hiyo lazima afe mwingine. Akaniuliza kama ningependa kuku au samaki.

Mtekaji anasimama. Anafyatua bastola kuelekea darini mara thelathini na mbili. Nimehesabu. Bastola ya aina ile huchukua risasi nane.

"Hata mimi sijui zinatoka wapi," bastola ikaniambia kwa sauti ndogo. "Nachoka, Mwalimu."

Dari halikutoboka hata kidogo. Nikamuuliza mtekaji anataka nini hasa. Akakiri kwamba hakuambiwa. Waliotunga filamu walimpa kovu la shavuni na koti, wakaondoka.

Hapo staringi akaja, shati limechanika pale pale panapopendeza. Akapiga magoti kando ya kiti changu.

"Mama yangu, naomba ufe," akasema kwa adabu. "Huyu atakutupa nje kwa mlango ule. Bila hivyo sipati hasira, na bila hasira sijui kupigana."

"Tuko mita elfu kumi na moja juu. Mlango ule haufunguki."

"Kwenye filamu zangu zote umefunguka."

Nikamjibu kwamba hilo ndilo linaloniudhi. Mtekaji ameshanishika mkono, ananiburura. Naogopa, sikatai. Njia ya katikati ya viti ni darasa langu la kidato cha pili, mawingu yanapita madirishani, na abiria wote wamevaa sare. Kwa mkono uliobaki nikachukua chaki, nikaandika ubaoni: hewa ya ndani inaukandamiza mlango kwenye fremu yake kwa uzito wa tani kumi hivi, na mlango wa aina hii lazima uvutwe ndani kwanza. Nikamwambia mtekaji avute tani kumi.

Akacheka, akashika mpini.

"Samahani," ukasema mlango. "Miaka yote nafunguliwa hewani kama pazia la bafuni. Nimeona aibu mpaka basi. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu aseme, na Mwalimu amesema. Sifunguki."

Mtekaji akavuta. Akaweka mguu ukutani, akavuta tena. Staringi akaja kumsaidia, kisha rubani. Nikamuuliza rubani ndege anaiendesha nani, akarudi haraka. Mwishowe mtekaji akaketi sakafuni, akaomba maji.

Niliamshwa saa kumi na mbili asubuhi na simu ya shemeji yangu Elirehema, ambaye jana usiku, nilipomaliza kuitazama, nilimwazimisha flashi yenye filamu ile. Hata salamu hakutoa.

"Shemeji, hii filamu gani umenipa? Jamaa anavuta mlango, mlango unakataa, anakaa chini anaomba maji. Basi, imeisha. Dakika arobaini na moja."

Nikamwambia asiifute.