Msimulizi Nyuma ya Kiti

Baba mkwe wangu ana jina zuri, lakini silitaji hata hapa. Siku naolewa, mashangazi wa mume wangu, Asukile, walinikalisha mkekani wakanipa masharti. Kwao Rungwe mke hamtazami usoni baba wa mumewe, hamsemeshi, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani yeye ndiye anayepisha. Mimi ni Mhehe wa Ipogolo. Sisi wakwe tunawaheshimu, lakini hatuwakimbii. Nilicheka kimoyomoyo, nikaitikia “ndiyo shangazi”, nikijua mzee atakaa na migomba yake huko na mimi nitakaa kwangu Ilomba.

Miaka kumi na minne ikapita hivyo, mpaka macho ya mzee yalipofunga. Mtoto wa jicho, kote kuwili. Asukile akamleta kwetu asubiri zamu ya upasuaji. Nyumba ina sebule moja, na mzee akapewa kiti kikubwa cha sebuleni, kwa hiyo mimi nikahamia jikoni. Nikitaka kwenda chumbani nazungukia uani. Chakula anampelekea Mercy, binti yangu wa miaka kumi na miwili. Nilikasirika, sitaficha. Matofali ya nyumba ile niliyamwagia maji kwa mikono yangu, halafu nipite uani kama mwizi wa kuku.

Tamthilia aliigundua Gerson, mdogo wake Mercy, akitafuta katuni. Ilikuwa ya nchi ya mbali yenye theluji, imetiwa sauti za Kiswahili. Kuna stesheni ndogo milimani. Zamani treni ilianguka karibu na hapo, abiria wote wakafa. Sasa kila jioni kengele inajigonga yenyewe, treni ile inaingia, na abiria mmoja anashuka. Hajui kwamba amekufa. Mkuu wa stesheni ndiye anayepaswa kumwambia, kwa upole, kisha amuage. Mke wa mkuu huyo naye alikuwa ndani ya treni, na bado hajashuka.

Mzee alifanya kazi reli ya TAZARA miaka ishirini na sita. Aliposikia kengele aliacha kutafuna.

“Nani ameshika bendera?” aliuliza. “Mwambieni anyooshe mkono.”

Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi na moja jioni hakuna aliyethubutu kugusa rimoti.

Tatizo, wafu wa tamthilia ile hawana maneno mengi. Inaweza kupita dakika tano ni muziki tu.

“Sasa kuna nini?” mzee anauliza.

“Anatembea tu, babu,” anajibu Gerson.

“Anatembeaje?”

“Kwa miguu.”

Mimi nilikuwa nasimama koridoni nyuma ya pazia, upawa mkononi. Siku moja akashuka msichana mdogo. Gerson akasema, “Kuna mtoto,” akanyamaza. Nikashindwa kuvumilia.

“Mercy,” nikasema kwa sauti ya kusikika, “mwambie babu huyo mtoto amevaa kiatu kimoja, kingine amekikumbatia. Anamtafuta mama yake kwenye benchi, na kwenye benchi kuna majani makavu tu.”

Mzee akageuza kichwa kuelekea pazia. Nikajua nimeharibu.

“Mercy,” mzee akasema, “muulize anayesema. Mkuu wa stesheni amevua kofia?”

“Amevua,” nikajibu.

Ndivyo nilivyoanza kazi ya usimulizi. Wiki ya kwanza nyuma ya pazia, wiki ya pili mlangoni. Wiki ya tatu nikavuta stuli nikakaa nyuma ya kiti chake, kwa hoja yangu mwenyewe kwamba asiyeona hanioni, hivyo masharti yako palepale. Uso wake sikuutazama. Nilimjua kwa kisogo, na kwa sweta ya kijani aliyoitandika begani hata jua likiwaka. Ilikuwa ya mama mkwe, aliyeifuma mwenyewe. Alifia hospitali miaka mitatu iliyopita, mzee akiwa kijijini. Hakuwahi kumuaga.

Hatukusemezana. Yeye alimuuliza Mercy, mimi nikamjibu Mercy, na Mercy alikuwa anakula karanga zake. Lakini nilikuwa na furaha. Miaka yote hiyo nilikuwa mke wa Asukile, na jioni zile ndipo nilipoanza kuwa mtu wa kwao.

Halafu hospitali wakapiga simu. Zamu ya mzee imefika, na tamthilia imebakiza wiki moja iishe. Nilimwombea apone, na humohumo ndani ya sala nikatamani wamwahirishie siku chache. Akiona, mimi narudi jikoni. Niliona aibu, lakini ndivyo nilivyotamani.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Jumatano akatolewa bandeji, na Mercy akarudi ananiambia kwamba babu amesoma kibao cha duka la dawa toka dirishani mwa gari, na amemwambia Gerson shati lake halina kifungo cha tatu. Nikaichukua stuli yangu nikairudisha jikoni.

Alhamisi ndiyo ilikuwa sehemu ya mwisho. Kengele ilipolia nilikuwa koridoni, pazia limefungwa.

“Mercy,” mzee akaita, “msimulizi yuko wapi?”

“Yuko huku nyuma. Babu, si unaona sasa?”

“Nani kakwambia? Macho haya bado ukungu mtupu. Muite.”

Mercy akafungua pazia akanitazama. Wote wawili tulikumbuka kile kifungo. Nikaleta stuli, nikakaa mahali pangu.

Pembeni ya televisheni kuna kabati la vyombo lenye mlango wa kioo. Sijui kwa nini niliangalia huko. Nikauona uso wa baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameyafumba macho, ameyakaza kabisa, kama mtoto anayesubiri kumwagiwa maji.

“Treni imefika?” akauliza.

“Imefika. Mlango unafunguka. Anashuka mwanamke.”

“Ni mkewe?”

“Ndiye.”

“Amevaa nini?”

Kwenye skrini mwanamke alivaa koti refu la kijivu.

“Amevaa sweta ya kijani,” nikasema. “Ya kufumwa kwa mkono.”

Gerson akafungua mdomo. Mercy akamziba.

Mzee alivuta ile sweta ya begani akaipakata. Muziki ukaendelea, na hakuna mtu kwenye stesheni aliyesema neno.

“Wanafanya nini?”

“Wanaagana.”

“Kwa kushikana mikono?”

“Mikono yote miwili. Hawana haraka.”

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Chozi lilimtoka, na bado hakufumbua macho mpaka treni ilipoondoka.

“Ndaga fijo,” akasema, ndiyo asante sana ya kwao, na safari hii hakumtaja Mercy.