Hodi Tatu

Reli ya juu ilipopitishwa mbele ya nyumba yake pale Ilala, majirani walilalamika kuliko treni lenyewe linavyonguruma. Bi Moza alifunga dirisha tu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, mpaka siku ile mpangaji wake, Hyasinta, alipomwambia:

"Saif alikuja Ijumaa. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nikamwona mlangoni. Treni likapita, naye akaondoka. Nikajua mmeshaonana."

Saif ni mwanawe wa pekee. Miaka mitatu nyuma waligombana, na mama kwa hasira akamwambia, "Usikanyage humu mpaka nikuitikie kwa mdomo wangu." Kijana akahama, akabadili namba. Na alilelewa kwa adabu: piga hodi tatu, usipoitikiwa, rudi ulikotoka. Bi Moza alimfundisha mwenyewe, tena kwa fimbo. Ijumaa ile alikuwa ndani akichambua mchele, hatua nne kutoka mlangoni. Hatua nne, jamani!

Mafundi walipokuja kuweka kuta za kuzuia kelele kandokando ya reli, zikaishia nyumba tatu kabla ya yake. Bi Moza akamwendea mhandisi wao, Goodluck.

"Shikamoo, mama. Mchoro unaishia hapa."

"Marahaba. Hebu njoo ukae kwangu kidogo, mwanangu."

Akamketisha ndani, akamtuma Hyasinta nje. Treni likapita, vikombe vikatetemeka kabatini. Goodluck akakodolea macho kifaa chake cha kupimia kelele.

"Tunasubiri nini, mama?"

"Hyasinta ameshapiga hodi tatu."

Goodluck akatazama mlango, kisha akamtazama yule mama. Wiki chache baadaye mchoro ulibadilishwa, na kuta zikafika kwake.

Sasa treni hupita kwa mvumo mdogo tu. Bi Moza huweka kigoda nyuma ya pazia la mlango, ungo wa mchele mapajani. Mtu akipiga hodi hata kwa jirani, yeye huwahi kuitikia, "Karibu, baba, karibu!" Watu wanacheka. Hyasinta naye alicheka siku za mwanzo, siku hizi hacheki.

Masikio yake yako wazi. Anasikia kandambili za wapita njia, anasikia adhana ya Kariakoo. Anasikia pia, siku nzima, jinsi mlango wake usivyopigwa hodi.